Manowari za Majita: vita iliyopita mbele ya mlango wetu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Naomba radhi. Nilikwenda nyumbani, Nyasura, pale Bunda, na huko nilikuwa na mambo mengine ya kufanya zaidi ya kukaa mbele ya kompyuta. Nimerudi na habari moja ambayo imenisumbua kichwa tangu siku nilipoondoka.

Jioni moja nilikuwa nimekaa nje na mama mmoja jirani, mtu mzima sana. Mjukuu wake akawa analia bila sababu ya maana. Mama akamwambia, "Nyamaza, manowari itakuchukua." Mtoto akanyamaza. Nikamuuliza mama, manowari ni nini? Akacheka, akasema hajui vizuri. Ndivyo na yeye alivyokuwa akitishwa na bibi yake.

Nikabaki nafikiri. Nyasura si bandari. Ni kata ya mji wa Bunda, na kelele tunazozijua ni za mabasi ya Mwanza na Musoma na malori ya mizigo. Ukitaka kuona ziwa unashika barabara ya Kisorya, unaliacha joto la mjini, ndipo unakutana na Ghuba ya Speke. Sasa manowari, neno la watu wa pwani, tena lenye asili ya Kiingereza cha mabaharia kwa maana ya meli ya vita, limefikaje kwenye kinywa cha bibi wa Bunda?

Jibu ni kwamba manowari zilikuwapo kweli. Zilipita hapahapa. Moja ilikwama Majita, ambako leo ni Musoma Vijijini, na kwa miezi kadhaa mataifa mawili ya Ulaya yakawa yanagombania mzoga wake.

Shuleni tulifundishwa kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilianza Sarajevo. Tulikariri jina la mtemi wa Austria aliyeuawa na tukapata vema kwenye mtihani. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba vita hiyohiyo ilipiganwa kwenye maji tunayokunywa. Basi leo tuisome wenyewe.

Ziwa pana, maji mafupi

Tuanze na ziwa lenyewe. Nyanza, au Nalubaale kama Waganda wanavyoliita, lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Ni kubwa kuliko nchi nyingi. Lakini si refu kwenda chini. Kina chake cha wastani ni kama mita 40, na pale penye kina zaidi hapazidi sana mita 80. Linganisha na Ziwa Tanganyika, ambalo linafika karibu mita 1,470. Nyanza ni sinia, Tanganyika ni mtungi.

Ukikaribia ufukwe mambo ni magumu zaidi. Kuna miamba iliyojificha, matete, mafunjo, mchanga unaohama. Mvuvi wa Kibara anayajua haya bila ramani. Nahodha mgeni anayajua siku chombo chake kinapopasuka.

Kwa hiyo chombo cha kufaa ziwa hili kinatakiwa kiwe na sifa tatu. Kizame kidogo tu majini ili kifike karibu na nchi kavu. Kibebe mzigo wa maana. Kiende haraka kuliko adui anayezunguka kwa miguu. Leo majeshi makubwa ya dunia yanatumia fedha nyingi kuunda meli za namna hiyo. Watu wa hapa walikuwa nazo zamani.

Waganda walikuwa na mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, mingine ikizidi urefu wa mita 20, ikiendeshwa kwa kafi na makumi ya watu. Kabaka Mutesa alipokwenda kuwapiga Wavuma mwaka 1875 alikuwa na mamia ya mitumbwi hiyo. Ilibeba askari, ndizi na mikuki, na ilipofika ufukweni haikuhitaji gati. Watu waliruka tu majini wakaenda vitani.

Mwaka huohuo akatokea Stanley. Alikuwa na mashua yake, Lady Alice, urefu wa kama mita 12, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vitano ili wapagazi waweze kuibeba kutoka Bagamoyo. Iliungwa Kageye, upande wa kusini wa Ghuba ya Speke. Machi 1875 ikaondoka kulizunguka ziwa, na njia yake ya kwanza ilikuwa kuambaa ghuba hii yetu, kisha kupanda kaskazini kupitia Majita. Ndiyo kusema, chombo cha kwanza cha Mzungu kilipita usawa wa Bunda kikiwa kimebebwa vichwani mwa Waafrika zaidi ya kilomita elfu moja. Halafu Stanley akaazima mitumbwi ya Mtemi Rukonge wa Ukerewe ili kuhamisha watu wake, na Agosti akawashambulia watu wa kisiwa cha Bumbire kwa bunduki akiwa majini, salama, wao wakiwa ufukweni. Somo likaonekana mapema: mwenye chombo ndiye anayechagua vita ipiganwe wapi.

Hesabu ya tani moja

Kabla ya kufika 1914, naomba tufanye hesabu ndogo. Chukua karatasi.

Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 25. Kwa hiyo tani moja ya mzigo inahitaji watu 40. Tani 100 zinahitaji watu 4,000. Mpagazi naye anakula. Mpe kilo moja ya posho kwa siku, na hao 4,000 wanakula tani nne kila siku. Ukiwabebesha chakula tupu, baada ya siku 25 wameumaliza mzigo wote wao wenyewe. Askari aliyekuwa anasubiri mbele hapati hata punje, na wapagazi bado hawajaanza safari ya kurudi.

Weka sasa tani hizo 100 kwenye meli. Meli inachoma kuni, inahitaji mabaharia wachache, na inavuka ziwa usiku mmoja au mawili.

Ukiielewa hesabu hii umeielewa vita nzima ya Afrika Mashariki. Waingereza walipelekea reli yao hadi Kisumu mwaka 1901. Meli yao ya kwanza, William Mackinnon, ilikuja kwa vipande kutoka Uskoti, ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900 kabla hata reli haijafika. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza na nyinginezo. Zilikuwa meli za biashara: pamba ya Uganda, ngozi, abiria. Wajerumani upande wa kusini hawakuwa na reli ya kufika Mwanza. Reli ya Mwanza ilikuja 1928, wao wakiwa wameshaondoka. Chombo chao cha kutegemewa ziwani kilikuwa tagi moja, Muansa, yaani Mwanza kwa tahajia yao.

Tagi moja dhidi ya meli nyingi

Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaikalia Kisii. Waingereza wakapakia askari kwenye Winifred wawashushe Karungu, kusini ya Kisumu, ili wawapige adui kwa nyuma. Wazo zuri. Winifred ilipofika ikaikuta Muansa inasubiri, na Muansa ilikuwa imefungwa mzinga mdogo. Winifred haikuwa na kitu. Meli kubwa iliyojaa askari ikageuza, ikamkimbia tagi.

Nimecheka niliposoma, lakini si jambo la kuchekesha. Ndiyo tabia ya meli ya kubebea mizigo ya vita. Kazi yake ni kufika, wala haikuumbwa kupigana. Ikikutana na mwenye bunduki, hata mdogo, mzigo wake wote unakuwa deni. Winifred ilirudi siku chache baadaye ikifuatana na Kavirondo, safari hii zikiwa na silaha, na Muansa ikaondoka. Toka hapo Waingereza wakaanza kufunga mizinga kwenye meli zao za pamba. Hapo ndipo zilipozaliwa manowari za ziwa letu.

Novemba 1914 Sybil ikagonga mwamba ikalazwa ufukweni karibu na Majita, nchi iliyokuwa bado chini ya Mjerumani. Jaribu kuwaza ulikuwa Mjita mwaka ule. Asubishi unakwenda kuangalia nyavu, unakuta nyumba ya chuma imelala kwenye maji yako. Wajerumani wanaitaka. Waingereza wanaitaka. Wewe hakuna aliyekuuliza.

Mapema mwaka 1915 Winifred ikaja kuikwamua. Muansa ikatokea tena ikaifukuza. Winifred ikarudi na Kavirondo, na hatimaye Sybil ikaondolewa, ikatengenezwa, ikarudishwa kazini. Kwa Waingereza lilikuwa suala la hesabu ileile: meli moja ni maelfu ya wapagazi. Huwezi kuiacha kwenye mwamba.

Juni 1915 wakazitumia vizuri. Askari kama 1,600 walipakiwa Kisumu kwenye meli kadhaa, zikiwamo Usoga, Nyanza na Winifred, wakapelekwa ng'ambo ya ziwa hadi Bukoba kuvunja mnara wa redio wa Wajerumani. Walikuwamo Waingereza, Wahindi wa Punjab na askari wa KAR. Mapigano yalikuwa Juni 22 na 23. Hata wakati ule ufukwe uliwatia adabu, maana sehemu ya kikosi ilishushwa mahali pabaya ikakwama kwenye kinamasi. Mnara ulianguka. Kisha mji wa Bukoba ukaporwa na washindi, wakapanda meli wakaenda zao. Kwa miguu safari ile ingekula majuma. Kwa meli walikwenda, wakapiga, wakaiba na kurudi ndani ya siku chache.

Juni 1916 wakashuka Ukerewe. Kisiwa kile kilikuwa na mpunga, na kinatazamana na njia ya kwenda Mwanza. Julai 14, 1916 Mwanza yenyewe ikaanguka, baada ya askari kushushwa usiku pembeni ya mji badala ya kuingia bandarini ambako walikuwa wakisubiriwa. Wajerumani wakakimbilia kusini. Vita ya ziwa ikawa imekwisha. Ilishindwa na yule aliyeweza kupeleka maharage na risasi ufukweni kabla ya mwenzake.

Si hapa tu

Wakati huohuo Rufiji, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta. Meli kubwa za Waingereza zilizama sana majini, zisingeweza kuifuata. Wakaleta Severn na Mersey, vyombo bapa vilivyoundwa kwanza kwa ajili ya mito ya Brazil. Vilikwenda polepole, na baharini vilibidi vivutwe na tagi, lakini mtoni vilipita. Julai 11, 1915 Königsberg ikamalizwa.

Kule Kigoma, Wajerumani walikuwa na Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafungwa kwenye masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni. Ilishushwa majini Februari 1915 na ikabebeshwa mzinga mmoja uliotolewa Königsberg. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhamisha askari kusini na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Iliibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ndiyo, Liemba hiyohiyo. Mwaka 1997 ilibeba makumi ya maelfu ya wakimbizi kuwarudisha Kongo. Meli ya kupeleka watu vitani ikageuka kuwa meli ya kuwarudisha watu makwao.

Na msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2003 jeshi la maji la Marekani lilianza kutumia Swift, meli ya alumini yenye matumbo mawili kama zile boti za Kilimanjaro za Dar na Zanzibar. Zote chimbuko lake ni kisiwa cha Tasmania, Australia. Baadaye Wamarekani wakaunda aina yao, Spearhead, urefu mita 103, inayobeba zaidi ya tani 500 kwa mwendo wa kama kilomita 65 kwa saa, na bado inazama chini ya mita nne tu. Inaingia bandari ndogo ambazo meli kubwa zinazitazama kwa mbali.

Swift ilikwenda kusaidia waliokumbwa na kimbunga Katrina mwaka 2005. Baadaye ikawa mikononi mwa Falme za Kiarabu, ikipeleka mizigo Aden. Oktoba 1, 2016, karibu na Bab el-Mandeb, Wahouthi waliipiga kombora na sehemu yake ya mbele ikaungua vibaya. Mbio zake hazikuisaidia. Ni Winifred na Muansa tena, miaka 102 baadaye, ila safari hii mwenye silaha alikuwa nchi kavu.

Hata vita yetu na Idi Amin ilikuwa na sura hii. Bukoba iko ng'ambo ya ziwa na Mwanza ndiyo mwisho wa reli. Machi 29, 1979 ndege ya Libya ilitumwa kupiga hazina ya mafuta Mwanza. Ilikosea ikaua swala kwenye kisiwa cha Saanane. Aliyeituma alijua anachotafuta: ukiua ghala na bandari, askari aliye mbele anakufa kwa njaa.

Nani aliyebeba?

Sasa nirudi kwa lile lililonisumbua.

Meli zinaishia ufukweni. Kutoka ufukweni kwenda mbele, mzigo ulipanda vichwani. Mwanza ilipoanguka, njia ya Tabora ilikuwa ya miguu. Katika vita ile Waingereza waliwachukua wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki na kati, na makadirio ni kwamba karibu 100,000 walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa chakula kibovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na sisi tukakiita Kariakoo. Leo tunakwenda Kariakoo kununua viatu.

Unaona jinsi lugha inavyotunza kumbukumbu bila kutuomba ruhusa? Wapagazi wamebaki kwenye jina la soko. Manowari imebaki kwenye tishio la bibi wa Nyasura. Yule mama hakujua maana yake, lakini alijua kwamba ni kitu kinachokuja, kinachukua watu, na hakirudishi.

Vitabu nilivyosoma vinataja meli kwa majina. Winifred, Sybil, Usoga. Vinataja majina ya makoloneli. Mjita aliyekata kuni za kuchoma kwenye meli, Mkerewe aliyetoa mpunga wake chini ya mtutu, mvuvi aliyewaonyesha mwamba uko wapi, au pengine aliyenyamaza makusudi hadi Sybil ikaugonga: hao hawana jina. Chombo cha chuma kimepata heshima ya kuitwa kwa jina la mwanamke, na binadamu ameandikwa kama tarakimu.

Mtu ataniuliza, hayo ya nini leo? Nitamjibu hivi. Ziwa bado ni lilelile sinia. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na hesabu ya serikali ikasema wamekufa 894. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa 228. Chombo kinachozama kidogo majini kina bei yake: ukikijaza kupita kiasi, au mzigo ukikaa vibaya, au watu wakihamia upande mmoja, hakina mkia mrefu majini wa kukishikilia. Waingereza wa 1915 walihesabu kila tani kwa sababu walikuwa wanapeleka vita. Sisi tunaopeleka samaki, mihogo na watoto wa shule tunashindwa kuhesabu kwa nini?

Februari 2023 meli mpya ya MV Mwanza ilishushwa majini, ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mzigo. Nilipolisikia jina nikakumbuka ile tagi, Muansa. Moja ya kale iliitwa jina la mji wetu na watu waliokuja kututawala. Hii tumeiita wenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa, tusiidharau. Lakini jina peke yake halielei.

Nina ombi moja tu. Kama una babu au bibi Majita, Kibara, Ukerewe, Karungu au Bukoba, ukienda likizo usikae na simu muda wote. Muulize kama aliwahi kusikia habari za meli iliyokwama, au za ndugu aliyekwenda kubeba mizigo asirudi. Muulize jina lake. Liandike hata nyuma ya risiti ya basi.

Mimi nimeshaanza. Nilimuuliza yule mama wa Nyasura kama kuna mtu wa ukoo wao aliyechukuliwa na manowari. Alikaa kimya kidogo, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa ameshalala. Akasema, "Lazima alikuwapo, mwanangu. Mtu haogopi kitu cha bure."